Bei kwa Simu Humfaa Nani?

Asubuhi ya Januari 14, 1997, wavuvi 11 walifika ufuo wa Badagara, jimboni Kerala nchini India, na shehena ya samaki wa jamii ya dagaa. Hawakukuta mnunuzi, na samaki wakawa wa kumwagwa. Saa hizohizo, kwenye fuo mbili zisizofika hata kilomita 15 kutoka hapo, wanunuzi 27 walikuwa karibu kuondoka mikono mitupu.

Mwaka huohuo minara ya simu za mkononi ilianza kusimikwa kando ya pwani hiyo. Mtandao ulishika hadi kilomita 20 na ushei baharini, kwa hiyo nahodha aliweza kuulizia bei fuo kadhaa kabla ya kuelekeza chombo. Mchumi Robert Jensen, aliyefuatilia soko hilo hadi 2001, alikuta bei za fuo mbalimbali zimekaribiana. Faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4, na samaki wakaacha kumwagwa.

Mashambani mambo hayakwenda hivyo. Katika jimbo la Maharashtra, watafiti Marcel Fafchamps na Bart Minten walifanya jaribio katika vijiji 100, baadhi ya wakulima wakitumiwa bei za masoko kwa ujumbe mfupi. Matokeo yao ya 2012 hayakuonyesha ongezeko la maana la malipo ya wakulima hao.

Mvuvi ana chombo: akisikia bei nzuri kwingine, anageuza usukani. Mkulima mwenye magunia matatu, asiye na usafiri na pengine mwenye deni kwa dalali, atauza palepale shambani hata kama bei ya mjini anaisoma kiganjani.

Pale mtu asipoweza kwenda kwingine, sheria inaweza kumsaidia. Kwa mafuta ya petroli, dizeli na taa, Tanzania imeiwekea bei nguvu ya sheria. Mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na mteja anaweza kuiangalia bure kwa kupiga *152*00#. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake, si juu. Dereva wa bodaboda aliyetozwa zaidi, akiwa na stakabadhi, ana ushahidi wa kulalamikia.

Korosho zina njia nyingine. Mazao ya wakulima wengi hukusanywa ghalani, kisha hunadiwa kwa mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Hapo mwenye magunia matatu haendi sokoni peke yake. Wanunuzi ndio wanaoshindana kuufikia mzigo.