Bolti zenye kutu: Subira huokoa injini ya gari kuukuu

PEUGEOT 404 ilitwaa ushindi wa Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Kwa fundi wa Machakos anayefufua gari la aina hiyo, adui wa kwanza si injini bali bolti zilizoganda kwa kutu.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huibana bolti ndani ya tundu lake. Isitoshe, hedi ya injini hiyo ni ya alumini, ilhali bloku ni ya chuma. Bolti ikikatikia humo, hedi yaweza kuharibika, na kupata nyingine si rahisi.

Ndiyo maana haraka haina baraka. Kwanza, bolti husuguliwa kwa brashi ya waya, ikatiwa mafuta mepesi ya kulegeza kutu na kuachwa usiku kucha. Kisha hugongwa taratibu kwa nyundo ili kutu ipasuke, mafuta yapenye.

Soketi ya pembe sita ndiyo bora, kwa kuwa haichubui kichwa cha bolti. Ikianza kusogea, huzungushwa mbele na nyuma, si kwa nguvu za mkupuo.

Ikikataa, alumini inayoizunguka hupashwa moto, kwani hutanuka karibu maradufu ya chuma na kuilegeza bolti. Lakini kabla ya kuwasha moto, sharti petroli iondolewe na mafuta yapanguswe. La sivyo, gari lenyewe litateketea.