Je, Wajua? Namna ya Kuondoka Bukavu kwa Kiingereza

Mwanafunzi wa Bukavu akisema "I left from Bukavu", mara nyingi ni Kifaransa cha darasani kinachomvuta, maana chenyewe husema "partir de Bukavu". Hapa Kiswahili chake cha nyumbani ni mwalimu bora. Twasema "niliondoka Bukavu" bila kuongeza kitu, na Kiingereza husema vilevile: "I left Bukavu". "From" huja ukitaja kituo hasa safari inapoanzia, kama "the boat leaves from the port".

Neno la kuchungwa zaidi ni "for", kwa sababu linageuza safari nzima. "The boat left Goma": meli imetoka Goma. "The boat left for Goma": meli imeelekea Goma. Anayechanganya haya mawili atakaa ukingoni mwa Ziwa Kivu akingoja meli iliyokwisha kwenda.

Kitenzi hikihiki hubeba pia maana ya kuacha: "I left my book at home". Wakati uliopita ni "left", kamwe si "leaved".

Matamshi nayo yanastahili mazoezi. Ng'ambo ya Mto Ruzizi, Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundishia shule zake kwa Kiingereza, hivyo anayevuka daraja hukutana nacho mapema. Vuta sauti ya "i" katika "leave". Fupisha ile ya "live". Mwanafunzi akiulizwa anaishi wapi, na ajibu "I live in Bukavu", kwa "i" fupi.