Hati ya madai inayotoka machimboni

Kesi nyingi za machimbo ya Geita na Kahama hazianguki kwa sababu mdai hana haki. Zinaangukia masjala, au kwenye pingamizi la awali, kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa. Mdai ameshitaki jina lisilo na mtu, au amepeleka karatasi mahali pasipo na mamlaka, au muda umempita. Mahakama ikifikia hapo haiulizi tena nani alichimba na nani alidhulumiwa.

Nianze na jina, kwa kuwa hapo ndipo wachimbaji wadogo wanapoumia zaidi. Makubaliano ya duara, yaani shimo la kuchimbia, kwa kawaida huandikwa kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Mwenye leseni, mwenye duara na mwenye mtaji wanakubaliana jinsi ya kugawana viroba vya mawe; wawili wanasaini, mmoja anaweka dole gumba, na mpishi wa kambi anakuwa shahidi. Tarehe mara nyingi haipo. Majina ni yale ya machimboni: Mjeshi, Babu Mawe, Bonge. Mawe mazuri yakitoka na mmoja akahamia usiku rashi nyingine, yaani machimbo mapya, aliyebaki anakwenda kumshitaki Bonge.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inataka hati ya madai itaje jina la mdaiwa, yeye ni nani na anaishi wapi, kwa kadiri mdai anavyoweza kujua. Samansi haiwezi kumfikia Bonge, na hukumu dhidi ya Bonge haina wa kukaziwa. Jina halisi linatafutika. Angalia ujumbe wa muamala uliomtumia kwa simu; jina la usajili wa laini limo humo, ingawa hakikisha laini ni yake mwenyewe. Kama unadai kampuni, chukua jina lake kamili BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Kama unadai mwenye leseni, ulizia ofisi ya Afisa Madini Mkazi leseni ile ni ya nani, maana anayesimamia eneo si lazima awe ndiye mwenye leseni. Mgodi wenyewe si mtu, na "uongozi wa rashi" usiosajiliwa popote hauwezi kushitakiwa kwa jina hilo.

Swali la pili ni wapi. Katika ukanda huu kipande kimoja cha ardhi kinaweza kuzaa mashauri ya namna tatu, na kila moja lina mlango wake. Chukua mkulima wa Rwamgasa ambaye shamba lake limechimbwa. Akidai kwamba shamba ni lake na amevamiwa, huo ni mgogoro wa ardhi: unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi uamuzi. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila mwafaka, ndipo shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wenye leseni wawili wakigombania mipaka ya maeneo yao, Sheria ya Madini ya 2010 inaipa Tume ya Madini uwezo wa kusikiliza na kuamua, na asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Lakini mwenye mtaji anayedai fedha alizotoa kwa ajili ya magogo, dizeli na chakula ana deni la mkataba, na mlango wake ni mahakama ya kawaida.

Deni la namna hiyo lisilozidi shilingi milioni 30 linafaa Mahakama ya Mwanzo, na huko mdai anaweza kueleza madai yake kwa mdomo yakaandikwa. Hilo ningependa lijulikane kila kambi. Watu wanalipa fedha nyingi kuandikiwa nyaraka ndefu ambazo shauri lao halikuzihitaji. Wengine wanaongeza fidia ya jumla ili kesi ionekane kubwa na ipande ngazi, wakati kinachopima mamlaka ya mahakama ni kiasi mahususi unachodai, siyo fidia ambayo hakimu ataikadiria mwenyewe.

Kwa shauri dhidi ya halmashauri, au hata Serikali ya Kijiji, mambo ni mazito zaidi. Ni lazima kutoa notisi ya siku 90 kwanza. Na tangu marekebisho ya sheria ya 2020, Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Ukimwacha, mwenendo wote ni batili. Naona sheria hii inamwelemea mwananchi wa kawaida. Anayedai kijiji fedha kidogo za pango la karasha, mashine ya kusaga mawe, hapaswi kulazimika kufunga safari hadi masjala ya Mahakama Kuu. Hata hivyo ndiyo sheria iliyopo, na anayeipuuza anapoteza miezi, pengine miaka.

Hati ya madai yenyewe, kwa mahakama ya wilaya kwenda juu, ni masimulizi ya ukweli yaliyopangwa kwa aya zenye namba. Nini kilitokea, lini, kwa nini mahakama hii ina mamlaka, thamani ya madai ni kiasi gani, na unaomba nafuu gani. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo andika kama unavyosema. Mwishoni pana uthibitisho, unaosema aya zipi unazijua mwenyewe na zipi umeambiwa ukaziamini, pamoja na saini, tarehe na mahali. Uthibitisho wenye kasoro ni chakula cha pingamizi.

Ile karatasi ya daftari iambatishe. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kama kielelezo, lakini ushuru unaweza kulipwa baadaye. Jumbe za simu pia ni ushahidi, mradi uweze kuonyesha zilitoka wapi na zilihifadhiwaje. Usibadilishe simu hiyo wala kuifuta.

Kufungua shauri siku hizi kunafanyika kwa mtandao, chini ya kanuni za 2018. Nyaraka zikipokelewa kabla ya saa sita usiku zinahesabiwa ni za siku hiyo, isipokuwa zikikataliwa. Namba ya malipo ikitoka, lipa ada siku hiyo hiyo. Mabishano kuhusu shauri lilifunguliwa lini mara nyingi yanaanzia kwenye tarehe ya risiti. Usingoje wiki ya mwisho. Madai ya mkataba yana miaka 6, ya madhara yasiyo ya mkataba miaka 3, ya kurejesha ardhi 12. Mazungumzo ya kusubiri mawe yatoke hayasimamishi muda huo.

Na wewe uliyepokea samansi ukiwa machimboni, usiikunje mfukoni. Una siku 21 tangu uipokee kuwasilisha utetezi wa maandishi. Zikipita, unaweza kuomba nyongeza ndani ya siku 7 zinazofuata, kwa sababu ya msingi, na ukikubaliwa unapewa siku 10. Baada ya hapo mdai anaweza kusikilizwa peke yake.