Kufyeka kingo za shamba kiangazi huhamishia utitiri kwenye karanga

MKULIMA wa karanga aonapo vidoti vya njano juu ya majani na utando mwembamba chini yake, kwa kawaida hukimbilia dawa. Lakini adui huyo, utitiri mwekundu, mara nyingi hakuzaliwa shambani humo; ametoka mpakani.

Kahe, tambarare iliyoko kusini mashariki mwa mji wa Moshi, haipati mvua nyingi kama za miteremko ya Kilimanjaro. Joto na ukavu ndizo hali zinazoustawisha utitiri. Kiumbe huyu mwenye miguu minane, jamaa wa buibui asiyefikia milimita moja, huweza kutoka yai hadi utu uzima kwa takriban wiki moja penye joto.

Huishi kwenye magugu ya kingo na mahindi ya jirani. Yanapokauka au kufyekwa hukosa chakula, hupanda kwenye ncha za majani na kupeperushwa na upepo hadi kwenye karanga. Hivyo usafi wa kiangazi, unaosifiwa sana vijijini, huweza kuwa chanzo cha hasara.

Kingo zifyekwe kabla ya kupanda. Zikichelewa, ni heri ziachwe hadi mvua inyeshe au karanga zing'olewe. Ukaguzi uanzie mistari ya pembeni, hasa kando ya barabara ya vumbi. Dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo wengi hupulizia viwavi, huua pia wadudu wanaokula utitiri, nao utitiri ukabaki kuzaliana bila adui, tena kwa gharama ya mkulima mwenyewe.