Je, Wajua? Kutoka Boma la Miiba hadi Vibao vya Aluminiamu

Je, wajua kwamba Tura ni amri? Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita hapo mwaka 1857 akielekea Kaze, mji tunaouita leo Tabora, akaandika kwamba jina hilo maana yake ni "tua", yaani weka mzigo chini. Anayesikia Kinyamwezi hashangai: kutuula ndiko kuweka chini, na herufi l na r za huko hupeana zamu bila ugomvi. Msafara uliotoka pwani ulikuwa umekwishalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, huko Ugogo, kisha umekata Mgunda Mkali, pori kavu lenye jina la shamba na tabia ya jangwa. Tura ndipo Unyamwezi ulipoanzia. Leo ni kata ya Wilaya ya Uyui, na treni ya Reli ya Kati husimama.

Wajua wapagazi walifanya nini porini kabla ya kulala? Walijenga uzio. Walikata matawi ya miiba, wakayaburuta na kujizungushia duara, mashina ndani, miiba nje. Hakuna msumari wala kamba, na kulipokucha kiliachwa kila kitu pale pale. Msafara wa nyuma ukikuta duara lile bado limesimama, ulipumua.

Duara hilo ni boma, na neno hili limetungiwa uongo mkubwa: eti ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yahusuyo utawala wa ng'ambo. Si kweli. Msafiri Stanley alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1872, wakati Waingereza hawakuwa na ofisi hata moja ya kutawala bara. Tabora yenyewe walikuja kuikuta imekwishatekwa na Wabelgiji, tarehe 19 Septemba 1916, kutoka mikononi mwa Wajerumani. Wajerumani ndio walioweka ofisi zao ndani ya ngome, watu wakaziita kwa jina la uzio wake, na mpaka leo anayeoa katika ofisi ya mkuu wa wilaya amefunga ndoa ya bomani. Kwa maneno mengine, ameoa ndani ya uzio.

Je, wajua ua na uani ni ndugu? Ua ni uzio wa makuti au fito, ni uwanja uliozungushiwa uzio huo, na mtu mwenye adabu akisema anakwenda uani, usimwulize anafuata nini. Wigo, kitalu, uzio, ukuta, seng'enge, fensi: lugha yenye maneno mengi hivi ya kitu kimoja ina majirani wengi.

Tembe la Unyamwezi na Ugogo halikuhitaji uzio, kwa sababu nyumba yenyewe ndiyo uzio. Vyumba hujipanga kuzunguka uwanja, paa ni bapa la udongo juu ya magogo, mifugo hulala katikati. Stanley na Livingstone waliingia katika tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora, tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Tembe lipo, ni makumbusho. Nenda ukalitazame, kisha urudi uniambie nani alituambia nyumba na ukuta ni bajeti mbili.

Kuta nene zina mwisho wake pia. Januari 1893 Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince waliivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe. Isike hakufungua lango. Aliwasha ghala lake la baruti.

Je, wajua kwamba waya ulipita Tura kwa mizigo na mizigo, na hakuna aliyezungushia shamba? Ulikuwa fedha. Masango, waya mnene wa shaba, ulisafiri pamoja na vitambaa vya merikani na kaniki, na shanga. Ukalipa hongo, ukanunua mtama, ukaishia mikononi na miguuni mwa watu kama pambo. Waya wenye miba ulipata hataza yake Marekani tarehe 24 Novemba 1874, mwenyewe Joseph Glidden, mkulima wa Illinois. Wiki moja kabla, tarehe 17, Stanley alikuwa ameondoka Bagamoyo kwa safari yake ya kukata bara zima. Wajomba zetu walivaa waya. Wajukuu wakaja kuchanwa nao suruali.

Uzio ulio hai ni habari nyingine kabisa. Mnyaa hauna majani ya kuhesabika, hauhitaji maji, mbuzi hautaki, na ukichomeka kijiti chake ardhini kimeshika. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kukupofusha kwa muda, kwa hiyo anayepogoa minyaa hafikichi macho. Asili yake ni Afrika, lakini utauona ukizungushia mashamba hadi India. Melvin Calvin, mkemia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alipendekeza baadaye upandwe kwa heka nyingi ili utomvu wake ugeuzwe mafuta ya magari. Hakufika mbali na mpango huo. Mnyaa umebaki kazini kwake kwa zamani, mpakani.

Mbono kaburi nao umepewa jina na kazi yake: hupandwa kuzunguka makaburi. Na mkonge, unaouona ukilinda mashamba ya Usukuma kama mikuki iliyosimikwa, ni mgeni. Mwaka 1893, mwaka ule ule wa Isike, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai Tanga ni 62 tu.

Sasa tuje kwenye uzio ambao kila fundi wa madirisha anakuonyesha kwenye simu: vibao vyembamba vya aluminiamu vimelala kimoja juu ya kingine, vimepakwa rangi ya mbao hadi mchwa anadanganyika. (Wengine husema alumini. Sina ugomvi nao.)

Je, wajua kwamba Burton alipotua Tura, metali hii ilikuwa kitu cha maonyesho? Hans Christian Ørsted wa Denmark aliipata kwa mara ya kwanza mwaka 1825, nayo ikaonyeshwa Paris mwaka 1855 kama kito. Mwaka 1884 Wamarekani walipokamilisha mnara wa Washington, waliuvika kileleni kipande chake cha kilo 2.8, na wakajivuna. Mambo yaligeuka mwaka 1886, pale vijana wawili, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, walipogundua kila mmoja kivyake namna ya kuitenga kwa umeme. Wote wawili walizaliwa 1863. Wote wawili walikufa 1914. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka huo huo wa 1914, baada ya kufika Tabora 1912. Hilo la reli halihusiani, ila nimeshindwa kuliacha.

Umeme kiasi gani? Hesabu kwa LUKU: kilo moja ya aluminiamu mpya inakula uniti 13 hadi 15. Kuyeyusha sufuria kuukuu ukapata kilo ile ile kunadai kama asilimia 5 tu ya nishati hiyo, haifiki hata uniti moja. Ndiyo maana yule kijana wa vyuma chakavu hukutazamia sufuria lililotoboka kwa jicho la mapenzi. Tanzania tuna mawe ya boksiti huko Lushoto, lakini hatuna kiwanda cha kuyageuza metali. ALAF ya Dar es Salaam, ambayo kirefu chake ni Aluminium Africa, sasa inajulikana zaidi kwa mabati ya chuma.

Je, wajua mpagazi wa Kinyamwezi angebeba nguzo ngapi? Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32. Chukua nguzo ya mraba ya sentimita 5, unene wa milimita 2, urefu wa mita 2.4. Ya chuma ina kilo 7 na ushee: angebeba 4. Ya aluminiamu ina kilo 2 na nusu: angebeba 12. Kwa hiyo fundi anayekudai gharama ya vibarua wanne wa kushusha uzio wako wa aluminiamu, mwambie habari za frasila.

Haishiki kutu, wanasema. Kweli na si kweli. Ikiguswa na hewa tu hujivika utando mwembamba kuliko chochote ulichowahi kupaka, na utando ndio unaoilinda. Ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Lakini una maadui watatu, na wote wako kwenye eneo la ujenzi.

Wa kwanza ni zege bichi. Lina ukali wa magadi unaoula utando huo, kwa hiyo sehemu ya nguzo itakayozikwa hupakwa lami kwanza, au nguzo hufungwa juu ya kitako na isiguse saruji kabisa. Wa pili ni metali nyingine. Chuma cha kawaida, aluminiamu na maji ya mvua vikikutana vinafanya betri ndogo, na anayelipa bili ni aluminiamu. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, na weka washa ya plastiki katikati. Shaba ni mbaya kuliko zote: kipande cha masango kikilala juu ya kibao msimu mzima wa mvua, utakuja kuona kibao kimetobolewa vishimo. Wa tatu ni zebaki. Tone lake likipenya utando, aluminiamu huanza kuota manyoya meupe na kumomonyoka, na ndiyo sababu mashirika ya ndege hayataki zebaki ndani ya ndege. Mkoani Tabora, ambako Nzega ina wachimbaji wadogo wanaonasa dhahabu kwa zebaki, onyo hili si la vitabuni. Usikamulie dhahabu kando ya uzio. Kwa ajili ya mapafu yako zaidi kuliko uzio.

Je, wajua uzio hukua mchana? Kibao cha mita 2.4 kikipanda joto nyuzi 40, kutoka baridi ya alfajiri ya Julai hadi jua la saa nane, hurefuka milimita 2 na kitu. Cha mita 6 hurefuka milimita 5 na nusu. Chuma hurefuka nusu ya hapo. Fundi aliyezoea mageti ya chuma hukata kibao kikae kwa kubana, akajisifu kwa ulinganifu, na Oktoba vibao vinajipinda kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Acha nafasi ndani ya mfereji wa nguzo. Usiku ukisikia uzio unaalika tak, tak, si mwizi wala si mchawi, unarudi ukubwa wake.

Shimo la nguzo ya uzio wa mita 1.8: sentimita 60, si pungufu. Kona ya mraba: futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na ulalo ukitoa 5 kona imenyooka. Vichwa vya nguzo viwe sawa? Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, mtu huku, mtu kule. Maji hayana upendeleo, na pima maji ya shilingi nyingi haitakuzidi kitu kwenye uwanja mrefu. Vibao viachiane nafasi ile ile kwa kipande kimoja cha ubao kinachohamishwa juu hadi chini. Na nafasi hiyo ina kazi: upepo hupita. Ukuta mzima wa bati husukumwa kama tanga la jahazi.

Je, wajua nguzo yako inaweza kupewa alama ya X ya kubomolewa hata kama ina nembo ya Ulaya? Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. X nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya eneo la zamani, na ya kijani ni ya aliyekutwa na upanuzi, ambaye anastahili fidia. Pima kabla ya kuchimba. Tafuta bikoni kabla ya kupima. Jirani aje aone, afadhali mkanywe chai mezani kuliko kwenye baraza la ardhi la kata.

Tabora na nyuki ni kitu kimoja, basi hili lisipite. Nchini Kenya mtafiti Lucy King alitundika mizinga ya nyuki kila baada ya mita 10 kuzunguka mashamba, ikaunganishwa kwa waya. Tembo akiugusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, tembo anaondoka. Mnyama wa tani tano anakimbia mdudu. Mwenye shamba anabaki na mazao na asali.

Na la mwisho, kofia za nguzo. Nguzo ya aluminiamu ni bomba, na bomba lisilofunikwa kichwani huingia maji, nyigu, na wakati mwingine nyuki wadogo wasiouma, wapenzi wa matundu membamba, ambao asali yao ni kidogo na bei yake huipita ile ya nyuki wakubwa. Kofia huuzwa pamoja na nguzo. Nikijenga Tura ningefunika zote isipokuwa moja, ile iliyo chini ya kivuli.