Mgeni Apewe Jembe

Wageni wanaofika wilayani Ileje siku hizi huwa na swali moja: ngoma zinachezwa wapi? Wamekwisha kuliona jiwe la Kimondo kule Mbozi, chuma cha tani kama 16 kilichodondoka kutoka angani, wamepiga picha, na sasa wanataka kuwaona watu. Basi wanatafutiwa kikundi, wanachezewa nusu saa, na kabla jua halijazama wako njiani kurudi. Huko waendako wanasimulia kwamba mkoa wetu wa Songwe hauna utamaduni wa kutazama, una malori ya mpakani Tunduma tu, na kwamba watu wa vijijini ni wakarimu lakini wana tabia ya kuwatuma wageni kazi. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma, maana wamelishika jambo lenyewe halafu wameligeuza kichwa chini miguu juu.

Ngoma zetu ni nzuri, sizikatai. Mahari na matambiko yameandikwa na wengine. Mimi nataka kusema juu ya ugeni, kwa sababu huo ndio mila tuliyokuwa nayo kila siku kwetu Mbebe, si ya sherehe, na ndiyo inayotutoka mikononi.

Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Ujamaa mwaka 1962 aliikumbusha nchi methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tangu hapo wanaisikia kama kemeo kwa mgeni mvivu. Huku kwetu jembe lilikuwa heshima. Siku ya kwanza mgeni hakuulizwa shida iliyomleta. Alipewa kigoda, akaletewa maji ya kunawa, akasalimiwa kwa kirefu: habari za utokako, habari za mvua huko, wazee wameamkaje, watoto je. Mama mwenye nyumba alipiga goti akimmiminia maji. Najua goti hilo linavyosemwa na watu wa mjini na wa Ulaya. Lakini hao hao hawasemi kwamba kijana wa kiume naye alichuchumaa mbele ya mzee, na kwamba bibi aliyekuja kutoka ng'ambo ya mto alipigiwa magoti na wanaume wazima. Goti lilifuata umri na ugeni. Pale lilipogeuzwa kuwa la mke kwa mume tu, huo ni uharibifu, na walioliharibu tunawajua, ni sisi wenyewe.

Siku ya pili mgeni alilala mpaka akachoka kulala. Siku ya tatu alfajiri akakuta jembe limeegemezwa mlangoni pake. Hakuna aliyemwambia neno. Alilichukua, akawafuata watu shambani, na kuanzia hapo watoto wakaacha kumwita mgeni, wakamwita baba fulani au mama fulani. Asiyepewa jembe alijua hajakubalika bado. Ndiyo maana namshangaa mtalii anayelalamika kwamba alialikwa kupalilia mahindi. Aliyemwalika alimfungulia chumba cha ndani, yeye akadhani anasukumwa jikoni.

Na baada ya shamba palikuwa na kimpumu. Hapa nitakaa kidogo, maana pombe hii inasemwa vibaya kuliko kitu chochote chetu. Ulezi hulowekwa, ukaachwa uote, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa na kuachwa uchachuke siku kadhaa, kazi ya wanawake tupu, na kila mmoja ana mkono wake. Kinachotoka si maji, ni kitu kizito kama uji ulioganda. Huwekwa kwenye chungu, maji ya moto yakamiminwa juu yake, na wanywaji wakaketi kukizunguka, kila mtu na mrija wake. Mwenye chungu hutangulia kuvuta. Mgeni asiyejua huona mwenyeji hana adabu, kajipendelea; kumbe anamwonyesha kwa kinywa chake kwamba chungu ni salama. Kikipungua, maji ya moto huongezwa, na tena, na tena, mpaka ulezi uishiwe nguvu na watu waishiwe maneno. Hulewi haraka. Unakaa. Palimaliziwa kesi za mipaka ya mashamba pale, posa zikaanzwa, na mtu wa mbali akatambua kwamba babu yake na babu wa jirani yake walikuwa pamoja Lupa kwenye dhahabu au kwenye machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Wasituambie basi kwamba sisi ni watu wa porini tusiozoea wageni. Wanaume wa nchi hii walikuwa wageni wa watu kwa vizazi, na walijua uchungu wa kutokaribishwa.

Tena mgeni gani? Mto Songwe unaotutenga na Malawi ni mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani. Walambya wako kando zote mbili, na Mwaulambya, mtemi wao, yuko Chitipa. Wanyamwanga nao wamegawanywa, nusu Momba na Tunduma, nusu Nakonde ya Zambia. Harusi na misiba haikuwahi kuuheshimu mpaka huo. Anayevuka kuja kuzika, kwa karatasi za serikali ni raia wa nchi nyingine. Kwa mwenye msiba ni shemeji, na jembe la kaburi linamsubiri.

Kilichotuharibia ni vitu vizuri, ndiyo tabu yake. Barabara ya Mpemba hadi Isongole, kilomita 50.3, imewekwa lami, na hakuna mtu Ileje anayeitamani tena ile ya tope. Lakini tope lilikuwa linalaza wageni. Sasa mtu anafika saa nne, anamaliza shughuli, saa tisa yuko Tunduma; siku ya tatu haifiki. Shambani wanaingia vibarua wa kulipwa kwa ngwe, na sioni ubaya kwa kijana kutaka fedha yake, ila kibarua hakai chunguni jioni. Makanisa mengi yamekataza pombe, bia ya chupa imechukua waliobaki, na ya chupa kila mmoja anakunywa yake akitazama simu. Kusindikiza pia kumekwisha. Zamani ulimtoa mgeni mpaka kijito cha kwanza, maneno makubwa yakasemwa pale mkiwa wima, yale ambayo ndani hayakusemeka. Leo bodaboda inaitwa mlangoni.

Kwa hiyo wanaopanga safari za watalii wa utamaduni mkoani Songwe, mkoa uliozaliwa juzi tu, mwaka 2016, nawaomba waache kutuagizia ngoma za nusu saa. Wamlete mgeni Januari, wakati wa palizi, matope yakiwa yamejaa na mvua ikinyesha kila alasiri. Alale nyumbani kwa watu, si gesti. Asalimie kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote. Zawadi ampe mama mwenye nyumba, kwa mikono miwili, asiwarushie watoto pipi barabarani. Anayekunywa akae chunguni, asiyekunywa aombe togwa, hakuna atakayemlaumu. Na akiamka siku ya tatu akakuta jembe mlangoni, alichukue.