Helikopta hadi kileleni, kisha mteremko wa theluji

WAKENYA wengi walianza kufuatilia mchezo wa kuteleza kwenye theluji mwaka 1998, Philip Boit alipoiwakilisha nchi katika Michezo ya Olimpiki ya Nagano, Japani. Boit, hata hivyo, alishindana katika njia iliyotayarishwa. Ipo namna nyingine ya mchezo huo, ambapo helikopta humfikisha mtelezaji kwenye kilele kisicho na barabara, naye akateremka juu ya theluji ambayo haijakanyagwa na mtu.

Biashara hiyo ilianza mwaka 1965 katika milima ya Bugaboo, mkoa wa British Columbia nchini Kanada, chini ya Hans Gmoser, kiongozi wa wapanda milima aliyezaliwa Austria. Wageni wengi hudhani wanalipia ndege. Wanacholipia hasa ni uamuzi wa kiongozi.

Viongozi hukutana alfajiri wageni wakiwa bado usingizini. Huchunguza hali ya hewa, theluji iliyoanguka usiku na tabaka dhaifu zilizofunikwa chini yake, kisha wakapitia orodha ya miteremko wakiamua upi utumike na upi ufungwe. Katika kampuni nyingi, kiongozi mmoja tu akipinga, mteremko hufungwa siku nzima, hata jua liwake vipi.

Baada ya kiamsha kinywa huja somo. Kila mgeni hupewa kifaa kidogo cha mawimbi ya redio cha kuvaliwa kifuani, sepetu na ufito mrefu wa kudungia theluji. Kifaa kimoja hufukiwa, nao wageni hutakiwa kukitafuta. Wapo wanaolidharau zoezi hilo. Ilhali aliyefukiwa na maporomoko ya theluji akifukuliwa katika dakika kumi za mwanzo huwa na matumaini makubwa ya kupona. Nusu saa ikipita, matumaini hayo huwa haba mno kwa kukosa hewa. Waokoaji kutoka mjini hawawezi kuwahi. Watakaomchimbua ni hao hao aliokunywa nao chai asubuhi.

Kwenye helikopta, sheria ni moja: mgeni hupita mbele, mahali rubani anapomwona, wala hakaribii mkia. Skii hubebwa zikiwa zimelala, kamwe si begani, zisije zikagusa panga zinazozunguka juu. Kileleni wageni huchutama pamoja na mizigo yao hadi ndege iondoke.

Kiongozi hutangulia. Huonyesha upande wa kufuata, na penye shaka huwaruhusu mmoja mmoja. Msituni, kila mtu huwa na mwenzake wa kumchunga, kwa kuwa theluji laini huficha mashimo kandokando ya mashina ya miti, na aliyetumbukia kichwa chini ni nadra kujitoa peke yake.

Yote haya hayaondoi hatari. Machi 1991 maporomoko ya theluji yaliwaua watelezaji tisa katika Bugaboo hiyo hiyo, ingawa walikuwa na kiongozi.

Aidha, ukungu ukitanda helikopta hairuki, na siku huishia kando ya moto, baadhi ya wageni wakinuna. Masharti ya kurejeshewa fedha hutofautiana baina ya kampuni, na yafaa yasomwe kabla ya kutia sahihi hati ya kukubali hatari.